Gaz ya Ziwani
Juzi nilisoma kwenye simu sababu zinazotajwa ndege zikipotea baharini: dhoruba, rubani kupotea njia, gesi inayofumuka kutoka chini ya maji. Nilipofika kwenye gesi niliinuka, nikafungua dirisha.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja mvua ilinyesha kwetu Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, na mama alikuwa ameingiza jiko la makaa ndani ili maharage yaive. Redio ilitaja ndege iliyopotea juu ya bahari. Shangazi, aliyerudi kutoka Goma na vitenge vyake, akasema, "Ni gaz tu. Inatoka chini ya maji, inameza ndege. Hata Kivu yetu iko na gaz mingi."

Mama na shangazi wakaenda kwa jirani, wakaniacha na mdogo wangu aliyelala.

Ndege ikapita chini kuelekea Goma, kisha mlio wake ukakatika. Nikajua ziwa limeimeza, na sasa gaz inakuja kwetu. Nikafunga madirisha, nikasokomeza kitenge chini ya mlango. Maharage yalinukia vizuri. Kichwa kikaanza kuniuma, miguu ikawa mizito, chumba kikawa kama kinasogea. Nilimtikisa mdogo wangu, hakuamka. Sikuthubutu kufungua.

Mama aliusukuma mlango kwa bega.

"We! Umefunga juu ya nini?"

"Sababu ya gaz ya ziwa, mama."

Alimnyakua mtoto, akanivuta hadi kwenye mvua. "Gaz iko humu, mutoto yangu! Iko humu ndani, inatoka kwa makaa!"

Alimpigapiga mdogo wangu mgongoni, muda mrefu, hadi akalia. Hapo ndipo na mimi nilipovuta pumzi.