Ukoo wa Watu Mdomoni mwa Fetuao

Fetuao alizaliwa na dharau yake, shule ikaja kuipalilia tu. Kabla hajaingia darasa la Mwalimu Okesene alikuwa akiwadharau watu kwa macho. Baada ya hapo akapata na maneno. Jioni alirudi nyumbani na mkoba begani, akawakuta shangazi zake wanasuka mikeka, akaanza: "Mnajua Wamaori mtumbwi wanauitaje? Na Wahawaii? Na Watonga?"

Shangazi wakatazamana. Hawakujua, wala hawakuwa na shida ya kujua. Mitumbwi ya Hawaii haikuwahi kuwaletea samaki.

"Neno ni lile lile letu, kila kisiwa kimeligeuza kidogo tu," akasema Fetuao, akasonya. "Hata hilo hamlijui. Kazi yenu kusuka."

"Na kazi yako kulalia tulichosuka," shangazi mmoja akamjibu, na mikono yake haikusimama.

Lakini aliyedharauliwa kuliko wote alikuwa Saveaulu, baba yake mkubwa, aliyemlea tangu baba mzazi alipokwenda Auckland kuchinja kondoo kiwandani na akasahau njia ya kurudi. Saveaulu ndiye mkuu wa ukoo wetu. Ukoo wenyewe mdogo, na cheo chenyewe kidogo: barazani kila mkuu ana nguzo yake ya kuegemea, na ya Saveaulu ni ile ya nyuma kabisa, wanakokaa watu wa kukohoa.

"Baba mkubwa, barazani leo ulisema nini?"

"Nilisikiliza."

"Yaani ulilala."

Mzee akacheka, akaendelea kumenya majimbi yake. Hicho ndicho kilichomchoma Fetuao. Jitu zima, halijui hata kukasirika!

Sasa huyo Mwalimu Okesene. Aliletwa kwetu kutoka Apia, mji mkuu, na kabla ya Apia alikuwa ng'ambo, chuo kikuu, alikojifunza kuhusu sisi kutoka kwa watu ambao si sisi. Alijua miungu ya kila kisiwa kwa majina. Jina la mama aliyempelekea shelisheli kila Jumapili hakulijua. Alifundisha jinsi jua lilivyotegwa kwa kamba, jinsi visiwa vilivyovuliwa baharini kama samaki, na Fetuao aliketi mbele kabisa, mdomo wazi, akiyameza yote. Haki yake apewe, kichwa alikuwa nacho. Hakuna mtoto kijijini aliyekuwa na kichwa kile, na hakuna aliyekisemea sana kama yeye mwenyewe.

Ikafika siku ya utamaduni. Mwalimu aliwaambia kila mmoja asimulie kisa cha kale cha kijiji hiki hiki, mbele ya wazazi na wakuu wote. Watoto wa watu wakaja na kisa cha samaki mkunga na mnazi. Wa kwanza mkunga, wa pili mkunga, wa tatu mkunga na kamasi zinamtoka. Fetuao akawaangalia kama takataka. Yeye alikuwa na kikubwa.

Kikubwa hicho alikipata kwa bibi yake marehemu, siku moja wakiwa wawili tu, kikongwe ulimi ukamteleza. Kwamba Fuatavai wa kwanza, shina la ukoo mkubwa kuliko zote hapa kwetu, hakuwa mtoto wa mkuu wala wa nani. Aliokotwa kwenye mwamba, mtu aliyeletwa na maji, akalishwa makombo pamoja na nguruwe. Mrithi alipokufa bila mtoto, ndipo akakalishwa yeye kwenye kiti. Bibi alipogundua amesema nini alimfinya mjukuu paja mpaka machozi. "Hili lifie hapa hapa!"

Na kwetu ndivyo ilivyo. Ukitaka kutaja mababu zako, taja, shauri yako. Ukoo wa mwenzio hauufungulii mdomo mbele za watu. Kisa cha Fuatavai kila mtu mzima kijijini alikijua. Hakuna aliyewahi kukisema, ndiyo maana tulikuwa tunalala kwa amani.

Fuatavai wa sasa, mrithi wa jina na kiti hicho, alikuwa ameketi mstari wa mbele, usinga mkononi, mgeni wa heshima. Fetuao akasimama, akakohoa kidogo, akakimwaga chote. Mwamba, maji, makombo, nguruwe. Makombo akayaigiza kabisa, kwa mikono miwili, kwa sauti. Alipomaliza, Mwalimu Okesene akapiga makofi. Alipiga peke yake.

Fuatavai akainuka, akaweka usinga begani, akatoka. Wanawe wakamfuata, na mkubwa wao akatema mate karibu na mguu wa Saveaulu.

"Lakini ni kweli!" Fetuao alifoka walipofika nyumbani.

"Nani kasema ni uongo?" Saveaulu akauliza.

"Basi kosa langu nini?"

"Kosa lako umeuliza leo. Baraza linakaa Jumatatu, nalo litatufukuza kijijini. Nyumba tutaacha, majimbi tutaacha, makaburi haya hapa mlangoni tutayaacha. Wewe utakuwa na miungu yako ya Hawaii. Mimi na hawa shangazi zako tutakwenda wapi?"

Hapo ndipo hofu ilipomshika. Akakimbia kwa mwalimu amsihi aende kumweleza Fuatavai kwamba lilikuwa zoezi la shule. Okesene akaongea naye kupitia wavu wa mlango. "Mimi nilifundisha lugha na hekaya tu, Fetuao. Mambo ya koo siyaingilii." Akafunga. Mwanamume mzima, na shahada zake, kajificha nyuma ya wavu wa mbu!

Jumamosi alfajiri Saveaulu akatoa mkeka wa heshima, ule mwembamba laini ambao hutoka kwa harusi na msiba. Akaketi chini mbele ya nyumba ya Fuatavai, akajifunika nao gubigubi. Nyuma yake Fetuao, amebeba kuni, mawe ya tanuri na majani ya ndizi. Maana yake kila mtu anaijua: sisi ni nguruwe wenu, mkitaka tupikeni.

Watu wa nyumba ile wakaamka. Wakafagia ua kuwazunguka, wakanywa kakao yao, wakaongea juu ya vichwa vyao.

"Kuni zenyewe mbichi," akasema yule mwana mkubwa. "Hata kupikwa hawajui."

"Na huyo mwembamba atatoa nyama gani? Amejaa maneno matupu!"

Wakacheka. Jua likapanda. Fetuao alisikia mzee anavyohema chini ya mkeka, aliona jasho lilivyolowesha mchanga, na moyo ukamuuma kweli kweli. Aliona aibu, si ya kuchekwa yeye, bali ya kuchekwa mtu yule. Akasogea akanong'ona: "Baba mkubwa, toka. Nikae mimi."

"Tulia," sauti ikajibu kutoka ndani. "Wewe huna cheo cha kudharauliwa. Ninacho mimi. Ndiyo kazi yake."

Msichana akarudi nyuma yake, akatii. Ilikuwa mara ya kwanza tangu alipojua kusoma.

Jua lilikuwa utosini Fuatavai alipotoka. Kisha akainama, akaufunua mkeka, akamshika Saveaulu kwapani na kumwinua, maana miguu ilikuwa imekufa ganzi. "Ingia ndani unywe kakao," akasema. Fetuao hakumtupia jicho. "Na hilo likaoshe vikombe."

Likaosha. Likaosha na sufuria ambazo halikuambiwa.

Jumatatu baraza lilikaa likazungumzia mfereji wa maji. Shuleni, Mwalimu Okesene aliingia anatabasamu kama hakuna kilichotokea.

"Alama za juu kabisa ni za Fetuao! Na atakwenda Apia, kwenye mashindano ya shule zote, kusimulia kisa kile kile. Hekaya, wanafunzi, ni mali ya watu wote. Hakuna wa kutuziba mdomo. Au siyo, Fetuao?"

Fetuao akasimama taratibu. Akamwangalia mwalimu wake kuanzia viatu mpaka miwani, kwa yale macho aliyozaliwa nayo.

"Sawa, Mwalimu. Basi tuanze na ya kwenu. Babu yako alikuwa mtoto wa nani?"

Darasa zima likainamisha vichwa. Okesene shingo ikamwiva nyekundu. Akakusanya vitabu vyake na kusema kipindi kimekwisha, na kengele ilikuwa bado haijapigwa.