Karatasi ya Damu na Mama Niliyempita

Wakosefu wa habari hii nawajua wote. Majina siandiki, lakini wao wakisoma watajijua.

Wa kwanza ni munganga wa hopitali moja hapa mjini Baraka. Mtoto wangu wa mwisho, msichana wa miaka saba, alikuwa na homa. Asubuhi tulitoa damu laboratwari, mchana yule bwana akashika karatasi ya majibu. Mtoto amesimama mbele yake anatafuna muhindi wa kuchoma, yeye anatazama karatasi.

"Mama, huyu damu yake iko karibu kwisha. Na globili nyeupe, zile chembe za damu, zimepanda vibaya sana."

"Maana yake nini?"

"Inaweza kuwa ugonjwa wa damu yenyewe. Hapa hatuna dawa yake. Mupeleke Bukavu."

"Na hutamupima hata macho?"

"Mama, mi nasema tu yenye karatasi inasema."

Yenye karatasi inasema! Miaka yote ile ya kusoma, na kope ya mtoto hajui kuifunua. Mimi niliyeishia darasa la tatu nilimfunua kope siku tatu mfululizo, asubuhi na jioni, nikitafuta weupe wa kukosa damu. Nilimvuta ulimi. Nilimpikia samaki wadogo wa ndagala na majani ya sombe, nikahesabu matonge. Alikula yote akaomba mengine, nami nikazidi kuogopa, nikasema labda ndivyo wanavyokula wanaoaga dunia.

"Mama, uniache, mi nacheza," aliniambia.

Wa pili ni pasta wetu. Nilikwenda aniombee, yeye akaniuliza nimemkosea nani. Mimi! Niliyekimbia vita mara mbili, nikavuka ziwa na watoto wanne nikarudi na wawili. Nikamwambia, "Pasta, kama Mungu anadai makosa, aanze na wale wenye bunduki, halafu aje kwangu, atanikuta nyumbani." Hakuniombea. Nadhani mpaka leo amenuna.

Siku ya nne nilirudi laboratwari, nikasema mtoto apimwe tena. Karatasi ikatoka safi. Malaria kidogo, basi. Yule wa laboratwari, na huyu ndiye wa tatu, akacheka meno yote nje.

"Mama, Mungu amejibu!"

"Mungu ndiye anashika sindano hapa? Nionyeshe vile munafanya."

Akanionyesha bila haya. Asubuhi anaandika watoto kwenye daftari vile wamekaa kwenye benchi. Anabandika namba kwenye vichupa kwa mpangilio huo huo. Halafu anaita, "Mwingine!" na anayeingia anatolewa damu kwenye kichupa kinachofuata. Jina haulizi.

Hapo nikahesabu. Siku ile mtoto wangu aliandikwa wa saba. Wa sita alikuwa kijana mdogo wa mama mmoja Murundi wa kambi ya wakimbizi. Tulipokaribia mlango nilisimama nikampita. Nilimwambia, "Dada, nyie wa kambi mumezoea kungoja." Wenzangu wakacheka. Nami nilicheka.

Damu ya wangu iliingia kichupa cha sita, ya kijana wake ikaingia cha saba, chenye namba yetu. Ile karatasi mbaya haikuwa kosa la mashine. Ilikuwa na mwenyewe.

"Yule wa sita yuko wapi?" niliuliza.

"Alipewa vidonge vya malaria, akaenda. Mama, wewe shukuru, uende."

Nilipanda pikipiki mpaka kambini. Nilielekezwa shamba la muhogo ambako analima kibarua. Alikuwa analima. Mtoto amelala mwisho wa tuta juu ya kikwembe cha mama yake, midomo imepauka kama unga.

"Dada, karatasi waliyokupa ni ya mutoto wangu. Ya wako walinipa mimi. Ni mbaya. Ni kwa sababu ya vile nilikupita."

Aliegemea jembe. "Nilijua ulinipita."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Si mulikuwa munacheka wote?"

Mkosefu wa nne ni mimi, nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye anayenichosha kumtaja.

Nilimbeba mtoto wake mgongoni, alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Tulipofika hopitali benchi ilikuwa imejaa. Nikamshika mama yake mkono, nikasukuma magoti ya watu.

"Ee mama, unapita batu kwenye foleni?" mmoja akafoka.

"Napita," nikasema. "Nimezoea."

Na kwa yule wa laboratwari nikaita jina la mtoto kwa sauti, mara tatu, mpaka akaliandika kwenye kichupa.