Wakfu wa unyayo

Juma lililopita, katika zahanati moja hapa Lamu, nilikaa benchi moja na mama wa mtaa wa Wiyoni aliyevua kiatu kimoja. Unyayoni alikuwa na kidonda cheusi. Kilianza kama doa, akaniambia, naye kila harusi akalifunika kwa hina. Sasa saratani hiyo ya ngozi imefika mapafuni.

Muuguzi, kijana wa bara, alimsomea fomu ya utafiti unaofanywa Nairobi: dawa ya kuamsha kinga ya mwili ili ipambane na saratani.

"Itaniponya?"

"Hatujui bado, Bi. Ndiyo maana inajaribiwa. Na una hiari ya kujitoa siku yoyote."

"Na nikifa, hayo mtakayoyaona kwangu?"

"Yatawafaa wagonjwa wengine."

Mama alipitisha kidole kwenye ukingo wa fomu. "Babu yangu alichimba kisima akakiweka wakfu. Hakuwajua watakaokunywa. Nipe kalamu."

Watu wa Lamu tunajua sana kugombania wakfu wa mababu zetu. Mwenye kuongeza wakfu wake mwenyewe nilimwona siku hiyo, amevaa kiatu kimoja.