Mulima hafai vitani: hukumu niliyoitoa saluni na ninavyoijutia

Wakuu, salaam. Naandika kutoka Goma, na haya yalitokea ndani ya saluni yangu mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na pale ninapoonekana mjinga nimejiacha hivyohivyo. Kiswahili changu nimejitahidi kukinyoosha, nikiteleza mnivumilie.

Wengi humu mnanijua kwa nyuzi zangu za kupima madude ya ule mchezo wa simu, wa kukamata na kupiganisha. Leo napima dude moja tu, halafu mtaelewa kwa nini naacha hii kazi.

Ni lile kubwa, lenye mgongo unaotoa moshi. Jina lake la kwenye mchezo ni refu la Kifaransa, sisi Goma tunaliita Mulima.

Ukimtazama kwa stats, yaani namba za nguvu zake, Mulima anatisha. Attack yake ni ya pili kwenye mchezo mzima, na uhai wake haumaliziki. Mtu akimkamata mara ya kwanza anaruka kama aliyefaulu mtihani wa taifa.

Shida ni mwendo. Pigo lake kubwa linahitaji raundi tatu kujaa, na ndani ya raundi tatu dude lolote la maji limeshamlaza chini. Kwenye kuvamia ngome, ambako adui amesimama tu, anafaa. Kwenye pambano la mtu na mtu ni mzigo.

Hilo nalisema hata leo, na kwa hilo sikukosea. Kosa langu lilikuwa kwingine.

Saluni yangu iko Himbi. Jumamosi mchana vijana wanakuja kunyoa, na wakisubiri zamu wanapiganisha madude. Mimi wananiita Juge, yaani hakimu. Mtu ananyoosha simu, natupia jicho ukurasa wa stats, nasema "garder", yaani weka, au "fondre", yaani yeyusha.

Nikisema fondre, nabonyeza mwenyewe mbele ya watu wote. Dude linageuka unga wa kuimarishia mengine, na watu wanapiga makofi. Nilikuwa nayapenda sana yale makofi, acha niseme ukweli.

Tulikuwa na sheria moja ya nyumba: hakuna kufungua ukurasa wa pili wa dude. Ukurasa huo unaonyesha lilikamatwa siku gani na mahali gani, na chini yake kuna ramani. Ramani inakula mega za intaneti, na mega kwetu si za kuchezea. Tulizoea hivyo miaka, hata kidole hakiendi upande ule.

Sasa niwajulishe Innocent.

Innocent alikuwa mteja wangu na mpiganaji wa timu yetu. Familia yao ilishuka kutoka milima ya Masisi, wanaishi Ndosho, hapahapa Goma, na mama yao. Alikuwa akienda Bunagana, mpakani na Uganda, kufuata viatu vya kuuza. Yeye na dada yake Aline walitumia akaunti moja kwenye simu mbili, ya Innocent na moja ya zamani ya nyumbani. Mchezo haukubali simu mbili kwa pamoja. Mmoja akiingia, mwingine anatupwa nje. Walikuwa wakigombana kwa hilo mbele yangu, na mimi nawachochea.

Safari moja akaondoka kama kawaida. Mapigano yakafika njiani, barabara ikafungwa, namba yake ikawa haipatikani.

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Waliofanikiwa kurudi walileta habari za namna mbili. Kuna waliovuka mpaka wakaingia Uganda, wako kambini. Na kuna waliokamatwa upande huu, wakabebeshwa mizigo na kuingizwa porini. Innocent alikuwa kundi gani, hakuna aliyejua.

Mama yake alikuwa anashinda pale magari yanapoteremsha watu, anamuuliza kila mmoja. Mjomba wao alikuwa tayari kwenda kumtafuta, lakini aende wapi? Pande ni mbili, na zote ni za hatari. Aliomba apate hata alama moja tu ya kumwambia ni upande gani.

Wiki ya nne, Jumamosi, Aline akaja saluni na ile simu ya zamani. Alikuwa akipigana badala ya kaka yake ili nafasi yake kwenye timu isichukuliwe.

"Juge, uniangaliye hii nyama," akasema, akimaanisha dude. "Nilikuta tu iko mu compte wiki hii. Njo cadeau ya mwisho wa mwezi?"

Nikatazama. Mulima, tena mwenye stats mbovu kuliko wote niliowahi kuwaona. Nilikuwa katikati ya kumchonga mtu ndevu.

"Njo cadeau," nikamjibu, maana kila mwisho wa mwezi mchezo hugawa dude la zawadi. "Lakini ni bure kabisa. Fondre."

"Haiwezi kutusaidia hata kidogo?"

"Innocent akirudi akute unapiganisha hii, atakucheka mpaka kanisani."

Watu wakacheka. Aline naye akacheka kidogo, na nilifurahi kumwona hivyo, kwa sababu wiki zile uso wake ulikuwa umekauka. Nikabonyeza. Makofi.

Unga wa Mulima tukampa kandege kake ka umeme. Kweli kakawa moto. Jumamosi ile Aline alishinda mapambano yote, moja baada ya jingine, na mimi nikajiona nimetenda wema.

Siku nne baadaye, mchana, saluni haina mteja. Nikakaa kuandika uzi wa humu kuhusu Mulima. Ili nisiwadanganye wakuu, nikaenda kusoma maelezo ya wenye mchezo.

Yameandikwa wazi. Mulima hatolewi zawadi. Habadilishwi kati ya wachezaji. Anapatikana kwa njia moja tu: utembee na simu mkononi mpaka umkute, umkamate.

Nikasoma mara ya pili.

Simu ya nyumbani kwa Aline GPS yake ilikufa zamani, mimi mwenyewe niliihangaikia nikashindwa. Kwa simu ile anaweza kupigana, kukamata hawezi. Kwa hiyo Mulima alikamatwa na simu ya Innocent. Wiki tatu baada ya barabara kufungwa, kuna siku Innocent alikuwa mzima, anatembea, simu iko mkononi mwake.

Na ukurasa wa pili uliandika yuko wapi. Uganda, au huku.

Mtaniuliza, kama simu ilishika mtandao, kwa nini hakuandika hata neno moja nyumbani? Sijui. Labda alipata dakika chache. Labda alijua kwamba tutaangalia kwanza kwenye akaunti, na hilo wazo ndilo linalonimaliza.

Niliwaandikia wenye mchezo. Likaja jibu la mashine: kilichoyeyushwa hakirudishwi. Nikakumbuka kwamba akaunti ina daftari la matukio, nikamwomba Aline simu kwa kisingizio. Daftari linahifadhi matukio ishirini ya mwisho peke yake. Yote ishirini yalikuwa ushindi wa Jumamosi na mazoezi yake ya siku zile nne. Kandege nilikokaimarisha ndiko kalikosukuma nje kila kitu.

Wakuu, siku mbili nilinyamaza. Niliogopa. Nilijiambia labda nikikaa kimya Innocent atarudi mwenyewe na mambo yataisha. Nilimkata mteja sikio, nikafunga saluni, nikachukua pikipiki mpaka Ndosho.

Aline nilimkuta mlangoni, nikamweleza hapohapo. Akakaa chini kwenye mawe.

"Kuko siku moja compte ilinitosha mara mbili," akasema polepole, yaani ilimtupa nje. "Nilizania ni réseau, mtandao mubaya. Kila mara nikarudia kuingia."

Nilielewa, na yeye alielewa. Kila alipoingia, alimtupa nje kaka yake.

Tukaingia kwa mama. Nilimweleza bila maneno ya mchezo, kwamba kuna kitu Innocent alikiokota kwa simu yake, na kwamba alikiokota akiwa mzima.

"Kumbe mutoto wangu alikuwa anacheza, kule kwenye alikuwa?"

"Ndiyo, mama."

"Mutu wa kufungwa mikono hawezi kucheza," akasema. Akamshika Aline mkono, uso ukamfunguka. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Nilitamani nitoroke.

"Na fasi kwenye alikuwa, ile pahali, iliandikwa?"

"Iliandikwa, mama."

"Basi unisomee."

"Nilifuta, mama."

Akanitazama kama mtu anayengoja sentensi iishe.

"Ulifuta juu ya nini?"

"Juu haikuwa na nguvu."

Aliachia mkono wa Aline, akavuta kiti akakaa, akageukia ukutani. Heri angenichapa.

Mjomba alichagua Uganda kwa kubahatisha. Alizunguka kambi alizoweza, akarudi peke yake. Huku upande wetu bado hakuna anayethubutu kwenda. Aline sasa anaingia kwenye akaunti mara moja tu kwa siku, saa sita mchana. Anahesabu madude, anatoka haraka. Hakuna lililoongezeka.

Funzo langu ni hili, na silisemi kwa kujipamba. Mtu akikuletea kitu cha mtu wake aliyepotea, usikimbilie kumwambia kinafaa au hakifai. Kwanza muulize amekipata wapi. Mega zingeisha, halafu iweje? Ningenunua nyingine.

Saluni nimefungua tena, nanyoa. Wakininyooshea simu narudisha mikono nyuma. Humu pia msinitumie madude yenu.

Wenye kunilaumu, laumuni, nitasoma yote. Lakini kabla ya hapo naomba anayefahamu mambo ya ndani ya michezo hii anijibu jambo moja: je, wenye mchezo wanaweza kuona simu ilikuwa nchi gani, hata kama dude limeyeyushwa? Na mtu kama mimi anawafikiaje, apate binadamu wa kumjibu?

Mama wa Innocent aliniuliza tena jana mbele ya kanisa. Nimemwambia nimeuliza wenzangu, nangoja jibu.