Pawa Niliyochagua

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya meza ya muuza vifaa vya kompyuta pale Chilinde, mtaa wa Lilongwe, pawa moja mkono wa kulia, nyingine mkono wa kushoto, nikashindwa kununua na nikashindwa kuondoka. Ndugu yangu, kama hujawahi kuunda kompyuta ya gemu kwa mikono yako, pawa ni lile sanduku la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa kila kilichomo ndani: bodi, diski, feni, na ile kadi ya picha yenye njaa kuliko wote. Pawa ikiwa ya uongo, vingine vyote ni bure. Nilikuwa nimesoma maoni ya watu nisiowajua kwa wiki tatu. Daftari langu lilikuwa na safu ya faida, safu ya hasara, na safu ya tatu ya mambo ambayo sikujua niyaweke wapi. Nimemaliza chuo, nina shahada, lakini shahada haikunisaidia kitu. Muuzaji aliniuliza kwa upole kama najisikia vizuri.

Nilinunua moja, na nakwambia mapema kwamba inafanya kazi, usije ukakaa na wasiwasi kama mimi. Ila kabla ya kulipa, bila hata kufikiri, nilizirusharusha kidogo viganjani kama mtu anayenunua maharagwe. Nikacheka peke yangu. Na papo hapo nikawa nimerudi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, msichana wa miaka kumi na mmoja, nimesimama kwenye mlango wa kibanda cha jirani yetu.

Nyumba zetu za tofali za udongo zilikuwa zimepangana kwa karibu kiasi kwamba chumvi ikiisha kwetu ulinyoosha mkono tu. Asubuhi nilisikia kwanza pampu ya kisima ikilia, kisha cherehani ya mke wa jirani, kisha kwaya ya kanisa ikirudia mstari mmoja hadi uchoke wewe kabla yao. Mimi nilikaa na bibi yangu, aliyeuza maharagwe sokoni. Kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kuchambua: jiwe huku, bovu huku, zima huku. Bibi alinifundisha kununua kwa mkono, pua na sikio. Shika, usikie uzito. Tikisa, usikilize. Nusa. Alikuwa akisema, na "njo" kwetu ni "ndiyo": "Macho njo mutu wa kwanza kudanganywa."

Jirani alikuwa na kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, na jioni alitengeneza redio. Kibanda chake kilinuka risasi ya kuunganishia nyaya na vumbi lililopashwa moto, na harufu hiyo hadi leo kwangu ni harufu ya mtu kuwa na matumaini. Siku moja alirudi kutoka mji wa Dowa Boma na kompyuta ya ofisi iliyotupwa, ameifunga kwenye kiti cha abiria kama mgonjwa. Alitaka kuigeuza iwe ya gemu za mpira na za magari, watoto waje kucheza kwake kwa malipo kidogo, naye apumzishe magoti yake. Kijana mmoja aliyekuwa akihama alimwachia kadi ya picha. Lakini pawa ya zamani ilikuwa dhaifu, haikuiweza kadi hiyo. Ili apate nyingine, jirani aliuza baiskeli.

Nataka uelewe uzito wa neno hilo. Baiskeli ile ndiyo iliyokuwa unga, sabuni na daftari za watoto wake wanne. Siku ilipoondoka, mke wake alisimamisha cherehani, akaiangalia ikipotea, kisha akaendelea kushona. Mimi niliona. Mimi huona kila kitu, kisha hukaa nacho.

Jirani alisoma Kifaransa vizuri, Kiingereza kidogo sana. Kwa hiyo aliniomba kwa bibi. "Koko, unipe huyu mutoto wako siku moja. Ye njo anasomaka Kingereza. Atanisomea bile vyuma huko Lilongwe."

Tukaenda, tumebeba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini na muhogo wa kuchemsha. Sokoni, muuzaji wa Kimalawi alitutolea pawa mbili. Ya kwanza iling'aa, nyeusi, ina feni nyekundu na namba kubwa ya wati, mia sita. Ya pili ilikuwa ya kijivu, kona moja ina kutu, namba yake mia tatu na hamsini. Nilisoma namba zote, nikaziandika. Jirani alikwisha kuikumbatia ile nyeusi.

Nikaziomba zote mbili. Nyeusi ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Nilipoitikisa, kitu kiligonga ndani. Ya kijivu ilivuta mkono wangu chini, ikanyamaza. Nikanusa. Muuzaji akaita wenzake waje waone.

"Tonton," nilimwambia jirani, "hii ya kungaa iko nyepesi."

"Lakini iko na numero kubwa!"

"Mutu anaweza kuandika numero yoyote. Koko anasemaka kitu nyepesi iko na siri."

"Koko yako anajua maharagi. Hajue pawa." Alizitazama tena, moja baada ya nyingine, akakuna kichwa. Kisha akacheka. "Mi napendaka vya kungaa, njo maana nilinunua redio tatu za kufa. Chagua we."

Nikachagua ya kijivu. Nikasema "zikomo", yaani asante, kwa muuzaji, na njia nzima ya kurudi nilijiona nimekua.

Asubuhi iliyofuata nilijisifu shuleni. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Kompyuta iliwaka siku ileile tuliyorudi. Mpira ulipoonekana kwenye kioo, majani ya kijani kabisa, watoto walipiga kelele hadi mbuzi wakakimbia. Mke wa jirani alifurahi pia, na furaha yake aliionyesha kwa cherehani: akaishonea mashine nguo. Hiyo ndiyo desturi yetu. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ilivaa kitambaa, televisheni kama ipo ilivaa, hata mtungi wa maji ulivaa. Vumbi jekundu la Dzaleka halisamehe, na mgeni akikuta chombo chako hakina nguo anajua wewe ni mtu wa namna gani. Basi akaishonea kitenge cha mistari ya buluu, kikabana vizuri pande zote, kikafunika hadi mgongoni, na pindo la kusuka kwa sindano. Aliacha uwazi wa kitufe na wa nyaya tu. Tukasema hatujaona kompyuta nzuri kama ile.

Kesho yake ikaanza kuzima. Ilicheza robo saa, kisha giza, katikati ya mpira, mtu akiwa anakaribia kufunga. Ukiiacha ipumzike iliwaka tena, kisha giza tena. Watoto waliolipa walitaka kurudishiwa. Jirani alifungua, akafuta, akabana skrubu, akaivalisha nguo yake kwa heshima, ikazima.

Shuleni nilipata jina, nikashukuru kwamba halikufika kwa wakubwa nyumbani. "Fundi wa maharagi! Leo umenusa nini?" Mwingine alinipa kifutio nikipime. Sikulaumu mtu, maana mimi mwenyewe niliamini kwamba kosa ni langu. Nilikuwa nimechagua namba ndogo na kuacha kubwa. Nilihesabu upya kila kitu: mia sita, mia tatu na hamsini, na baiskeli iliyoondoka. Jirani sasa alienda Dowa kwa miguu kutafuta redio za kutengeneza. Kila asubuhi alinipungia mkono nikipita, nami niliinamisha kichwa nikidhani ananihurumia, na huruma ilikuwa inaumiza kuliko tusi. Sahani ya sombe, yale majani ya muhogo niyapendayo, niliirudisha imejaa.

"Mutoto mwenye anakataa sombe," bibi alisema, "iko na neno." Sikumwambia.

Ikawa Jumamosi, siku ya tisa. Jumapili watu wa maombi walikuwa waje kwa jirani, kwa hiyo mke wake alivua kila kitu nguo: meza, redio, dirisha, na kompyuta. Akafua vyote. Siku hiyo mashine ilicheza asubuhi nzima. Ikafika saa sita, ikapita, mpira unaendelea. Watoto wakaimba, "Imepona! Imepona!" Jirani akasema labda umeme wa leo ni mzuri.

Mimi sikuweza kufurahi tu. Kwa nini leo? Nikaingia, nikaweka kiganja juu ya chuma. Kilikuwa cha uvuguvugu, kama shavu la mtu. Siku nyingine kilikuwa kama sufuria. Nikatoka nje, nikaona kile kitenge cha buluu kwenye ua, kinadondosha maji. Nikafurahi, kisha nikashikwa na woga mpya. Maana sasa ningemwambiaje mama mzima kwamba zawadi aliyoshona kwa mikono yake ndiyo inayoiua kazi ya mume wake? Mtoto kwetu hamwambii mkubwa kwamba amekosea. Hutafuta mkubwa mwingine wa kumsemea.

Nikamkimbilia bibi, nikamwaga yote, na baiskeli na kifutio. Alinisikiliza akiendelea kuchambua maharagwe.

"Hilo neno haiko yangu, iko yako," alisema. "Wende. Lakini anza na salamu."

Nilianza na salamu. Nilimsalimu mke wa jirani, nikauliza watoto, nikauliza mgongo wake, nikauliza cherehani kama haisumbui, hadi akanitazama kama mtu aliyetumwa kuomba unga. Ndipo likanitoka lote kwa mkupuo mmoja: "Mama, ni nguo inaizuia kupumua, haiko ile pawa nilichagua."

Mguu wake ulisimama juu ya kikanyagio. Hakuuliza habari ya nguo.

"Pawa ulichagua we?"

Akageuka. Jirani alikuwa mlangoni, bisibisi mdomoni.

"We! Si ulinambia ni we njo ulichagua?"

Jirani alitoa bisibisi mdomoni polepole sana. "Tulichagua bote."

"Bote? Siku tisa nakutukana peke yako, unanyamaza tu? Nilikuita kipofu, nikakuita jina ya babu yako!"

"Mutoto angelia," alisema. "Mi nimezoea."

Mama yule alimtazama, akanitazama mimi, akaangalia kitenge kule kwenye ua. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. "Eh, Mungu wangu. Kumbe mi nilikuwa naivundika kama ndizi!" Akacheka hadi akashika ukuta, na jirani akacheka, nami nikalia, jambo ambalo lilimthibitishia jirani maneno yake.

Hawakuamini kwa kicheko tu. Mama alifungua kitenge alichojifunga juu ya sketi, akaifunika mashine gubigubi. Mpira ukachezwa, sote tumesimama kimya kama kanisani. Haukufika hata mapumziko, giza. Akafunua, tukangoja ipoe, ikawashwa tena, ikacheza hadi watoto wakasikia njaa wenyewe. Jumatatu alikata mgongo wa ile nguo na mbavu zake, akapinda kingo vizuri, feni zikapata dirisha. Pindo la kusuka lilibaki. Mimi nilikula sahani mbili za sombe na bugali, bibi akajifanya haoni.

Kibanda kile kililisha nyumba ile kwa miaka. Jirani alipata baiskeli nyingine, lakini ilikuwa ya kuchotea maji tu. Kisha safari yao ikatoka, wakapelekwa nchi ya mbali, na bibi akafariki mwaka mmoja baada yao. Siku hizi nikipita pale naona ukuta uliobaki nusu na mtu amepanda mboga ndani. Watoto wanacheza kwenye simu, kila mmoja amejiinamia kwake, hakuna anayepiga kelele za kufukuza mbuzi.

Nilipotoka Chilinde na kifurushi changu nilimtumia jirani ujumbe. Nilimuuliza kwa nini alinibebea lawama siku zile tisa. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti yake hapakuwa na kitu, wala cherehani wala kwaya, kimya cha nyumba iliyofungwa madirisha.

"Mama mudogo, mi sikumbuke hiyo. Nilitukaniwa mambo mingi. Lakini ile pawa ilikuwa nzima mpaka siku tuliondoka. Ulichagua muzuri. Huku masini ikikufa bantu banatupa tu, bananunua ingine. Mi hata bisibisi sina."

Nilirudia kuusikiliza ujumbe huo zaidi ya ninavyoweza kukiri. Miaka yote nimekuwa nikiwaza juu ya kuta za kibanda, juu ya baiskeli, juu ya namba mbili nilizoandika kwenye daftari. Nilidhani nilibeba kosa kubwa kuliko mwili wangu kwa siku tisa. Kumbe lilikuwa limebebwa tayari, na mtu aliyekuwa akitukanwa nyumba ya pili, ambaye kila asubuhi nikienda shule alinipungia mkono.