Miti ya Kuficha Nyumba ya Wilf

Habari hii nilisimuliwa na Doreen Mytton Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani. Yeye ndiye anayemwogesha Nesta Tranter kila asubuhi. Aliyoyasema aliyaona kwa macho yake, isipokuwa ya usiku wa siku ile ya kupanda miti, ambayo Wilf mwenyewe alimweleza.

Saa mbili asubuhi, mwezi wa Novemba, ukungu bado umelala juu ya ziwa la Corvebury. Wilf Tranter amepiga magoti mbele ya dirisha la nyumba anayoishi, anachimba mashimo. Kando yake kuna mafungu ya miche, ile miti myeusi ya makaburini isiyopukutisha majani, mizizi yake imefunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa. Ikikua itasimama kama ukuta. Nyuma ya dirisha hilo amelala mkewe Nesta, ambaye tangu apatwe na kiharusi mwaka juzi hana pengine pa kutazama ila ziwani.

Shamba kubwa la Corvebury linarudishiwa bustani yake ya zamani, kama ilivyochorwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Wilf, mwenye umri wa miaka sitini na minne, amefanya kazi hapo tangu alipoacha shule. Mchoro aliletewa mezani kwake na Bi. Rosalind Fane, msimamizi wa upandaji. Safu za miti zilikuwepo, vichaka, njia ya magari ya farasi. Penye nyumba za wafanyakazi palikuwa na ukanda mweusi wa miti tu. Nyumba zenyewe hazikuchorwa. Wenye jumba kubwa la shamba hawakutaka kuziona wakinywa chai.

Wilf aliomba liachwe pengo dogo, upana wa dirisha. Bi. Fane si mtu mbaya, Doreen anasema. Alishika kikombe mpaka chai ikapoa. Akasema pengo hilo litaonekana kutoka sebuleni kwenye jumba, na waliotoa fedha wanataka bustani ifuate mchoro. Nyumba nayo ni ya shamba. Wilf akikataa kazi, anahama na mgonjwa wake.

Colin Bebb, mwenzake wa miaka mingi, alikuwa na dawa yake.

"Unajifanya hujui, Wilf. Iache mizizi uchi kwenye upepo mpaka tumalize chai. Ikikauka, utakuwa umepanda kuni, na baridi ndiyo itakayobeba lawama."

Wilf alimwambia anyamaze. Lakini walipokwenda bandani kunywa chai, fungu la mbele ya dirisha lilibaki bila gunia.

Doreen alikuwa akimfunga Nesta vifungo vya sweta. Zamani, kabla hajaolewa, Nesta alifanya kazi kwenye kitalu cha shamba hilohilo. Akatazama nje dirishani, akamshika Doreen mkono, akasema kwa ule ulimi wake mzito, "Nenda kamwambie afunike mizizi."

Doreen alidhani mgonjwa hajaelewa miti ile ni ya nini.

"Naelewa," Nesta akasema. "Nenda."

Doreen akavuka majani yenye umande, akafikisha ujumbe mbele ya Colin. Wilf akaweka kikombe chini kabla hajakimaliza. Giza lilipoingia, miche yote ilikuwa ardhini, wima, imeshindiliwa udongo vizuri.

Usiku alimlisha mkewe supu ya viazi. Bakuli likaisha.

"Nilitaka kukuachia ziwa lako," Wilf akasema.

"Nilikuona. Sijawahi kukuona ukifanya kazi mbovu, mzee wangu. Usianzie mbele ya macho yangu."

"Itakuziba, Nesta."

"Mimi?" Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Miti hiyo inajivuta kukua. Mpaka ifike usawa wa dirisha mimi niko kule kanisani, chini ya mingine kama hiyo. Ni wewe utakayekaa gizani."

Wilf akaanza kumweleza mpango wake: kila mwaka mwishoni mwa kiangazi ataikata vilele, kidogo kidogo, maadamu magoti yanamruhusu na Bi. Fane hatazami. Mbele ya dirisha tu. Nani atajua?

Nesta alikuwa amelala kabla mpango haujafika mwisho.

Wilf akaacha pazia wazi, akaketi kwenye kiti kando ya kitanda, udongo bado uko kwenye kucha, macho yakiwa upande wa ziwa ambalo usiku ule halikuonekana. Usingizi ulimkuta hapohapo, buti miguuni.