Bibi Harusi wa Tongoni

Sogea nikueleze. Juzi nilimwona mama mmoja akiapishwa kuongoza mkoa, nikasikia tena harufu ya pilau ya Tongoni.

Wakati ule wa mkoloni mikutano ya siasa ilikatazwa, kwa hiyo wakubwa walijifanya wanafanya harusi. Mimi mtoto sikujua. Niliona pilau, udi na matari, nikaamini. Shangazi Mwanahamisi alisimama katikati akieleza habari za uhuru, macho yote kwake. Mara askari akaingia.

"Harusi ya nani hii?"

Shangazi angekamatwa. Nikaruka kwa furaha: "Ya shangazi! Humwoni alivyopendeza?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Askari akacheka, "Hongera, bibi harusi!" akaenda zake.

Hata shangazi alipokuja kuuongoza mkoa mzima baada ya uhuru, wenzake walimwita Bibi Harusi.

Nawe ukienda mkutanoni, mchukue mtoto, umkalishe mbele.